Alama Nyekundu Chini ya Dirisha

Mtaa wetu wote, kuanzia kwenye bomba la maji mpaka kwenye ngazi za soko, hakuna mtu mwenye mwandiko mzuri kama wangu. Ni kweli kwamba wenyeji tuliobaki tunaweza kukaa wote kwenye mkeka mmoja tukanyoosha miguu, na kati yetu mmoja haoni na mwingine alitoroka shule kabla hajaifikia herufi B. Lakini kushinda nimeshinda.

Mwandiko huo niliupata shule ya msingi, nilikoanzia na nilikomalizia. Mwalimu wetu alitufundisha kuandika A kubwa kama nyumba. Kuta mbili zikutane juu, dari ipite katikati, halafu juu ya paa unatia kistari kidogo kilichosimama, ndiyo bomba la moshi. Wenzangu walipokua walilitupa lile bomba. Mimi sikulitupa. Ukifika kwenye kona ya nyumba yetu, pale wanaume wanapokumbuka ghafla kwamba wana kibofu, utaona nimeandika kwa rangi nyeusi: USIKOJOE HAPA. A mbili, mabomba mawili. Wanasimama, wanasoma, wanasifu, wanakojoa.

Anayeusifu zaidi mwandiko huo ni Mzee wangu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mgawa barua wa posta, na alifika mahali akiiangalia bahasha tu anakwambia imeandikwa na nani na kama siku hiyo alikuwa na hasira. Hodari wa kutambua mikono ya watu, huyo. Kasoro yake ni moja: hajui kudanganya. Akijaribu, tumbo linamuuma na anaomba maji. Kwa hiyo katika ndoa yetu kazi ya kudanganya ni yangu, naye kazi yake ni kutoulizwa.

Miguu iliyouzunguka mji mzima ndiyo iliyomwacha. Sasa anakaa kwenye kiti cha magurudumu, chumba cha chini, upande wa kichochoroni. Na nyumba yetu, ambayo wageni wanakuja kuipiga picha, ilijengwa na watu walioogopa wezi kuliko uzee. Ukitaka kutoka unapita ukumbi mwembamba wenye kona, kiti hakikati kona. Ukishapita kona kuna ngazi za kupanda, halafu kizingiti kinachofika gotini, halafu ngazi za kushuka. Mara ya mwisho alibebwa na vijana wawili kama kabati. Kwenye kona wakamgonga kiwiko. Kwenye ngazi wakamweka chini wapumzike, na mmoja akakiegemea kichwa cha Mzee huku anaongea na simu. Aliporudishwa ndani Mzee akaniambia kwa upole kwamba hatatoka tena mpaka siku atakayobebwa hasikii kitu.

Basi dunia yake ikabaki dirisha. Ni dirisha la chini, lakini mtu aliyekaa anaona watu kuanzia kifuani kwenda juu. Vichwa vyote vya mtaa huu anavijua, na saa vinapopita. Siku moja akaniambia, "Mke wangu, nimesahau viatu vya watu vikoje." Alisema kama utani. Mimi nilikwenda jikoni nikakaa huko kidogo.

Nilichokitaka hakikuwa kikubwa. Kuvunja ukuta wa chini ya dirisha, kutoka kwenye kizingiti chake mpaka sakafuni, dirisha liwe mlango, kiti kipite moja kwa moja kichochoroni. Nikaenda ofisi ya majengo ya kale kuomba ruhusa, nikakutana na yule tunayemwita Bwana Mawe. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu akiongea na wewe macho yake yako ukutani. Akaniambia ukuta wetu una umri mkubwa kuliko sisi sote na haliguswi hata jiwe moja. Nikamuuliza, na mume wangu je, naye ana umri, mbona yeye hamumhifadhi? Akasema idara yake inashughulika na majengo tu.

Nikarudi tena. Yuko kwenye kikao. Nikarudi. Amesafiri. Nikarudi, yuko, lakini hawezi kuonana na mtu. Nikarudi nikamkuta mlangoni, akaniambia nimwamini, swali langu limechunguzwa vya kutosha, na jibu ni lile lile. Nikamuuliza basi japo niondoe nondo za dirisha. Nondo nazo ni za kale. Nikamuuliza kama kuna kitu chochote kwenye nyumba yangu kilicho changu. Akatazama saa.

Haya, ningeweza kumeza. Sisi tumezoea kumeza. Kilichonikaba ni nyumba ya jirani.

Jirani alikuwa shoga yangu, nyumba zetu zilitenganishwa na kichochoro hicho hicho, za umri mmoja, huenda na fundi mmoja. Shoga akahamia kwa mwanawe, nyumba ikauzwa, na baada ya siku chache tu tukaitwa ukumbi wa shule kuonyeshwa kitakachojengwa. Mezani waliweka mji mdogo wa maboksi na vijiti. Katikati limesimama jengo la vioo, refu, limepinda kiunoni kama mtu anayejikagua kwenye kioo. Chini yake vijitu vyembamba vinatembea na mifuko. Nilivitazama vyote. Hapakuwa na kizee hata kimoja, wala aliyekaa kwenye kiti. Nyumba yangu ilikuwepo: boksi jeupe, halina dirisha.

Aliyelichora, kijana mpole aliyevaa nguo nyeusi tupu, ndiye Bwana Kioo. Akatueleza kwamba jengo lake halitaufunika mji wa kale bali litazungumza nao. Nikanyoosha mkono nikauliza litausemesha nini, maana mimi ndiye niliye karibu, nijiandae kujibu. Watu wakacheka, naye akacheka, akaandika swali langu vizuri kabisa na sijalisikia tena. Bwana Mawe alikuwa ameketi pembeni yake anatikisa kichwa kukubali. Akasimama kutuhakikishia kwamba urithi utalindwa: uso wa nyumba ya jirani utabaki kama ulivyo, na ghorofa zitapanda nyuma yake.

Na kweli uso ulibaki. Waliutoa mwili wote, vyumba, ngazi, jiko alilonifundishia shoga yangu kuunguza chakula, wakauacha uso umesimama peke yake umeshikwa na vyuma. Ukitazama kwenye madirisha yake unaona mawingu. Mimi siruhusiwi kutoa nondo, na nyumba ya mwenzangu imeng'olewa matumbo, na afisa ni yule yule.

Vumbi likaingia mpaka kwenye chumvi. Vioo vilipoanza kupanda, mchana vinatupiga tena lile jua ambalo lilikwisha kutupiga asubuhi. Nguo zangu zinakauka mara mbili. Mzee akawa anafungiwa dirisha kwa ajili ya kikohozi, kwa hiyo hata vichwa vikamtoka. Akaanza kulala mchana, mtu ambaye hakuwahi kulala mchana.

Aliyenifumbua macho ni nyapara wa wale wavunjaji, mtu mnene mwenye masihara, aliyezoea kuja kuomba maji ya kunywa. Anakunywa, anapiga soga. Akanieleza jinsi wanavyofanya kazi. Palipo na X nyekundu panavunjwa. Palipo na duara la kijani panaachwa. Vijana wake hawaulizi.

"Wakiuliza kila ukuta, mama," aliniambia, "jengo litakwisha wao wamekwisha kuwa mababu."

Tena wiki iliyopita walikibomoa kibanda cha mlinzi na chakula chake kikiwa ndani, kwa sababu mtu fulani alijaribia brashi ya rangi nyekundu kwenye ubao wake. Nyapara alicheka mpaka akamwaga maji. Mimi nilicheka pia, lakini kwa sababu zangu.

Ng'ambo ya kichochoro, ukuta wa ua wa shoga yangu ulikuwa bado haujavunjwa na ulikuwa umejaa X. Jua la saa sita, vijana wote wamejilaza kivulini, kopo la rangi nyekundu limeachwa na brashi yake juu. Nikalichukua kama ninayelisogeza lisimwagike. Nikapiga magoti chini ya dirisha la Mzee, magoti yakanitukana, nikachora X.

Halafu nikaingiwa na hofu. X peke yake inaweza kusomwa kwamba ni nyumba nzima, waivunje na mimi jikoni. Nikaizungushia boksi, upana wa dirisha, kutoka kizingitini mpaka chini. Bado roho haikutulia. Nikaandika ndani ya boksi, kuondoa shaka: HAPA. Na hapo ndipo majivuno yaliponiponza. Brashi ilipofika kwenye A, mkono wenyewe ukapanda juu ukatia bomba la moshi. Na kwenye A ya pili, ukatia tena.

Kazi ya mchana ilipokaribia kuanza nilimsukuma Mzee mpaka sebuleni, nikamfunga kitambaa shingoni nimpunguze nywele, nikafungulia redio mpaka mwisho. Nyundo zilipoanza akainua kichwa.

"Wanavunja nini?"

"Maendeleo," nikamjibu, nikamwinamisha.

Redio iliimba, nyundo zikaitikia. Nilimnyoa mzee wa watu mpaka akabaki kama yai, maana kila nikitaka kuacha bado wanagonga. Hatimaye kimya. Mara nyapara akaingia ameshika kofia yake ngumu kifuani kama aliyeleta habari za msiba. Nikaenda nikaona. Dirisha limeng'oka na nondo zake, limekuwa mlango uliokatwa sawasawa kwa boksi langu, na mwanga umelala sakafuni mpaka kwenye kitanda. Nikashika kichwa, nikakaa chini, nikatoa kilio kimoja kizuri, si kirefu. Nyapara akaniomba msamaha mpaka nikamwonea huruma, na huruma hiyo nikaitumia. Nikamwambia basi, yaliyotokea yametokea, kwa kuwa wakubwa wanakuja na hapa ndani ni vumbi tupu, vijana wamtoe Mzee nje avute hewa. Wakaweka ubao wa jukwaa, kiti kikapita. Hakikugusa kulia wala kushoto.

Mzee alikaa kichochoroni kwenye jua, kichwa kinang'aa. Watu wanapita, wanamwamkia, naye anaitikia huku ameinama. Nilidhani analia. Kumbe anaangalia viatu.

"Vimechongoka siku hizi," akaniambia. "Wanaweka wapi vidole?"

Bwana Kioo akafika mbio, nguo zake nyeusi zimekuwa kijivu kwa vumbi. Aliogopa maneno ya watu, na alikuwa na haki ya kuogopa: kampuni iliyoahidi kuzungumza na mji wa kale imeingia chumbani kwa kizee na nyundo. Akasema kampuni italeta seremala mzuri, itaweka mlango wa mbao ngumu wa kufanana na ile mingine, na ubao wa mteremko kwa ajili ya kiti. Kilichobaki ni Bwana Mawe akubali tu.

Bwana Mawe akaja. Mara hii alikuwa na nafasi. Alisimama mbele ya pengo ametoa macho kama mtu aliyeibiwa. Akatueleza sheria ilivyo, nami nikasikiliza kuliko nilivyopata kumsikiliza mwalimu yeyote. Kama ni ajali ya kampuni, anaweza kukubali mlango uwe ndiyo matengenezo, na kampuni itagharimia. Kama ni mwenye nyumba aliyevunja au kuvunjisha, kila jiwe litarudi lilipokuwa, dirisha litarudi na nondo zake, na mwenye nyumba atajibu. Nikamtazama Mzee wangu anavyofuatisha viatu vya mtoto wa shule mpaka mwisho wa kichochoro. Nikaapa moyoni kwamba mimi leo ni mjinga kabisa, sijui kitu.

"Alama ilikuwepo, mkuu," nyapara akajitetea. "Vijana wangu hawavunji pasipo na alama."

"Basi mliiweka nyinyi," Bwana Mawe akasema, na akamgeukia Bwana Kioo. "Mimi ukuta huu nimeukagua mwenyewe, pande zote, jiwe kwa jiwe. Haukuwa na doa la rangi hata moja."

Nilimpenda kwa mara ya kwanza. Nikakubali kwa kichwa, polepole, kama mjane.

Lingeishia hapo. Lakini yule bwana kila mtu alijua ana ugonjwa wake. Hawezi kuona mawe ya kale yamelala ovyo. Akavua koti, akawaamuru vijana watandike turubai, akaanza kuyapanga mawe chini kama yalivyokuwa ukutani, hili na hili, lenye pembe na lenye pembe, anavyofanya siku zote kabla ya kuyapiga namba. Mimi nikatoa wazo kwamba jua ni kali na chai iko tayari. Hakunisikia. Vijana wakaingiwa na raha ya mchezo, kila mmoja anaokota na kuchomeka. Wekundu ukaanza kuonekana. Mkono mmoja wa X. Wa pili. Kipande cha boksi. Nikatoa wazo la chai tena. Halafu H. Halafu nyumba ndogo yenye bomba la moshi.

Wakainama wanasoma. Nyapara akasoma kwa sauti, "Hapa." Akajikuna shingo. Akasema watu wake hupiga X basi, maneno hawaandiki, na yule kijana wa kutia alama akaapa kwamba yeye hata akitaka hawezi kuandika vizuri namna hiyo.

Sasa, mwanadamu nisamehewe: niliposikia hilo nilifurahi kidogo.

Bwana Mawe akasimama, akajipangusa magoti, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane macho yake yakatoka kwenye mawe yakaja kwangu.

"Bibi. Nani ameandika hii?"

"Mimi nitajuaje, mwanangu?" nikasema, nikapinda mgongo zaidi ya unavyopinda wenyewe. "Mimi kusoma wala kuandika sijui. Hata jina langu natia dole gumba."

Nikalionyesha dole gumba. Bwana Kioo, kijana wa watu, akanitazama kwa huruma. Nyapara akatazama pembeni. Ningepona.

"Nani hajui kuandika?"

Ni Mzee wangu. Alikuwa amegeuza kiti mwenyewe, kwa mikono yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Alikuwa amekasirika kwa ajili yangu, masikini.

"Usijidharau mbele za watu," akaniambia. Akawageukia wao. "Nimegawa barua za mji huu mpaka nimezeeka. Sijaona mkono kama wa mke wangu. Nani mwingine anayetia bomba la moshi kwenye A? Hamniamini, nendeni pale kwenye kona mkasome."

Nikamkata jicho. Akadhani namshukuru, akanitabasamia.

Bwana Mawe akaenda kwenye kona. Tulimwona anasimama, anasoma, anainamisha kichwa upande, na kwa sababu za mahali penyewe anaziba pua. Akarudi taratibu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kuliaga lile jua lililolala sakafuni.

"Bibi," akasema, "unaandika vizuri sana."

Nikalificha dole gumba nyuma ya mgongo. Sikuwa na uwongo mwingine karibu.

Nyapara ndiye aliyekohoa. "Lakini mkuu, samahani. Maandishi ya pale kwenye kona yamefifia. Yale ni ya miaka. Na wewe umesema uliukagua ukuta pande zote, hauna doa la rangi. Hayo hukuyaona?"

Bwana Kioo akainua uso. Bwana Mawe akavaa koti lake, mkono mmoja ukakosa njia.

"Nilipoukagua yalikuwa hayapo," akasema.

"Uliukagua lini, mwanangu?" Mzee akauliza, kwa upole tu, kama anayetaka kujua. "Maana mimi nimekaa hapo dirishani tangu miguu iniache. Vichwa vyote vinavyopita hapa navijua. Chako ndiyo kwanza nakiona leo." Akainama kidogo kwenye kiti. "Na viatu vyako pia."